Mtu Niliyempigia Mwano

Fundi baiskeli amehamia kwenye kibaraza kinachotazamana na dirisha langu, na tangu siku hiyo sina amani. Si kelele zake. Kelele nimezizoea, nimelea watoto saba. Ni ile gundi ya kuzibia pancha. Akishasugua tyubu kwa msasa na kupaka gundi yake, harufu inaingia kwangu bila hodi, nami najikuta nimeshika taya. Taya langu zima kabisa, halijaguswa na mtu tangu nizaliwe. Wajukuu wanacheka, wanasema bibi ana jino bovu. Nawaitikia kwamba ndiyo, ni jino. Mtoto wa leo utamwelezaje?

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Mnakumbuka baiskeli ilivyokuwa kitu enzi zile, hasa kwetu huku upande wa Shinyanga, ambako mtu aliweza kuwa na ng'ombe thelathini na bado akatembea kwa miguu. Baba yangu hakuwa na ng'ombe thelathini. Alikuwa na baiskeli moja nyeusi, na kazi ya kuchimba dhahabu kwenye mgodi mmoja mdogo huko Geita. Kati ya kwetu na Geita kuna nchi nzima na maji juu yake. Basi alfajiri ya kuondoka alikanyaga baiskeli saa mbili hadi stesheni yetu ndogo, akamkabidhi karani, karani akaifunga lebo ya karatasi ngumu kwenye usukani kwa waya, ikapandishwa behewa la gadi pamoja na vikapu vya kuku. Yeye mwenyewe alikaa daraja la tatu. Akifika Mwanza anaishusha, anavuka maji, anakanyaga tena siku nzima mpaka Geita. Mwisho wa mwezi anarudi vilevile.

Watu walimcheka sana. "Wewe una baiskeli, treni ya nini? Na kama una tiketi ya treni, baiskeli ya nini?" Baba aliwajibu kwamba treni haijui njia ya nyumbani kwake, na baiskeli haijui njia ya Mwanza, kwa hiyo yeye ameziozesha. Alikuwa mtu wa maneno baba, hashindwi kwa jibu.

Mimi nilikuwa na miaka minane, na jina langu Kabula, maana nilizaliwa mvua ikinyesha. Kichwani mwangu baba na baiskeli vilikuwa kitu kimoja. Sikuwahi kumwona akishuka treni bila baiskeli, wala baiskeli ikishuka bila yeye. Tandiko lake mama alilishonea ngozi ya ndama mwekundu mwenye baka jeupe, nami nilipanda kwenye bomba la katikati, mikono ya baba huku na huku, hadi nyumbani. Jioni ya kurudi aliziba matundu yote ya safari, na nyumba nzima ikanuka gundi. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba kwangu, mpaka mwezi mmoja ulipoigeuza.

Sasa kuna mambo mawili lazima myajue kabla sijasonga mbele. La kwanza ni mumiani. Bibi yangu, mama yake baba, alitulea kwa hofu ya mumiani, watu wa kunyonya damu, ambao alisema wamejaa huko machimboni. "Utamjuaje mumiani?" alituuliza, na sisi tukajibu kwa pamoja, "Analijua jina lako kabla hujamtajia!" La pili ni mwano. Kwetu Usukumani, ukiona hatari, mwizi wa ng'ombe au muuaji, unapiga mwano: unapaza ukelele mkali mrefu, unaukata kwa kiganja mdomoni, na kila mwanamume anayeusikia lazima aache alichoshika akimbilie huko na fimbo yake. Asiyekwenda anahesabiwa mwenzake mwizi. Hapewi moto, hachotewi maji, mtoto wake akifa anazika peke yake. Ndiyo maana mtu akisikia mwano hasimami kuuliza. Anakimbia, anapiga, maswali baadaye. Na mtoto alifundishwa mwano kama alivyofundishwa kusema shikamoo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mnada. Mnada wa ng'ombe ulikuwa hatua mia mbili tu kutoka stesheni, na wanaume walijaa, kila mmoja na fimbo yake ya kuchungia. Mama alikuwa pale na vibuyu vyake vya samli. Mjomba Masanja, kaka yake mama, alikuwa kwenye ng'ombe, akibishana. Mimi nilitoroka nikaenda kusimama kwenye uzio wa stesheni kumngoja baba, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kurudi.

Treni ikaingia. Watu wakashuka, wakaisha. Baba simwoni. Gadi akafungua behewa lake, akatoa vikapu, akatoa baiskeli. Yetu! Ngozi nyekundu, baka jeupe. Nikacheka peke yangu. Kisha akaja mwanamume nisiyemjua, mrefu, shati la kaki, akaongea kidogo na karani, lebo ikakatwa, na yule mtu akashika usukani wa baba yangu kwa mikono yake miwili akaanza kuikokota.

Nakumbuka niliangalia tena mlango wa behewa, nikidhani baba amebanwa nyuma ya vikapu. Behewa lilikuwa tupu na gadi alikuwa anafagia.

Yule mtu akaniona pale uzioni. Akasimama. Akanitazama usoni namna mtu anavyotazama kitu alichoelezwa, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kizinza, ya watu wa upande wa Geita, "Wewe ndiye Kabula?"

Jamani! Analijua jina langu!

Akanyoosha mkono akanishika bega. Kinywa chake kilikuwa bado kinasema, "Baba yako ameni..." lakini mimi sikuwa na masikio tena. Niliona jambo zima kwa mara moja, wazi kabisa, kama mtoto anavyoona. Huyu ni mumiani. Amemkamata baba huko machimboni, amemnyonya damu, na kabla hajafa amemtoa jina langu mdomoni. Sasa amekuja na baiskeli yake kunifuata mimi. Nikaweka kiganja mdomoni nikapiga mwano.

Kule mnadani dalali alikata neno katikati. Halafu ardhi ikaanza kuvuma, miguu ya watu mia na zaidi, na fimbo zinagongana hewani. Yule mtu hakukimbia. Hilo limenisumbua maisha yangu yote. Aligeuka kuangalia nyuma yake, kuona ni nani mwizi.

Fimbo ya kwanza ilimpata nyuma ya shingo. Akaanguka juu ya baiskeli na kengele ikalia. Wakamburuta kutoka juu yake, maana baiskeli haikuwa na kosa, wakaiegemeza uzioni kwa adabu, kisha wakamrudia. Walimpiga kama watu wanavyopura mtama, kwa zamu, bila hasira usoni. Alifunika kichwa, wakampiga mbavu. Alifunika mbavu, wakampiga kichwa. Jicho lake la kushoto lilifumba likawa kama nundu. Alikuwa akipiga kelele kwa Kizinza, na hapo nani alijua Kizinza? Kwa Kiswahili alisema neno moja tu nililolisikia, "Nimetumwa! Nimetumwa!" na mtu mmoja akamjibu, "Na nani, Shetani?" Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka. Nami nilicheka pamoja nao.

Mjomba Masanja ndiye aliyempasua shati. Kifuani, kwenye uzi, kilining'inia kipande cha shaba cha mgodini, chenye namba. Kila mchimbaji alikuwa na chake, na cha baba tulikijua, mama alikuwa akikisugua kwa majivu kila baba anapokuja. Masanja akakikata akakiinua juu. "Kipande cha shemeji! Amemuua shemeji!"

Mama alikuwa amefika wakati huo. Alikiona. Alikuwa mwanamke mpole, mama yangu, hata kuku alikuwa anamwomba jirani amchinjie. Hakulia wala hakuuliza. Alikwenda kwenye baiskeli pale uzioni, akachomoa pampu ya chuma, akapenya katikati ya wanaume nao wakampisha, akampiga yule mtu usoni. Mara moja, kwa mikono miwili. Nilikuwa karibu, nikasikia taya linavunjika.

Baada ya hapo hakusema tena, hakuweza. Damu na meno vilimtoka. Lakini mikono yake ilikuwa bado inajaribu. Alimwangalia mama kwa lile jicho moja, akajishika paja, akaanza kulipitishia kiganja, huku na huku, huku na huku, kama mtu anayekata kuni kwa msumeno. Akaonyesha treni. Akaonyesha mama. Akakata tena paja.

"Mnamwona!" mtu akapiga kelele. "Anaonyesha alivyomkata! Anajisifu!"

Loo, hapo ndipo walipochachamaa. Waliokuwa na fimbo wakaokota mawe. Na mimi nilikuwa juu, mabegani mwa mzee mmoja, ananirusharusha, "Mtoto wa kike ana moyo wa simba! Mtazameni aliyeokoa mji!" Kutoka kule juu niliona vizuri kuliko mtu yeyote. Niliona jiwe kubwa likiinuliwa kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

Aliyelizuia ni karani wa stesheni. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu mdogo mwenye kofia nyeupe, mgeni kwetu na mwoga. Alikuwa amejifungia ofisini tangu mwano ulipolia. Sijui nini kilimtoa. Alikuja mbio akipunga bendera nyekundu ya kusimamishia treni, nafikiri ndicho kitu pekee alichokijua cha kusimamishia kitu. Alikuwa analia. "Acheni! Acheni, enyi watu! Huyu ametumwa na mwenye baiskeli! Ameniambia mwenyewe!"

Mwenye jiwe akasimama nalo hewani. Karani akatoa stakabadhi ya mzigo, akasoma jina la baba kama mpelekaji. Akasema, pumzi zikimkatika, "Mchimbaji ameangukiwa na mwamba. Mguu umepondeka. Daktari anataka kuukata, mwenyewe amekataa kukatwa mpaka mkewe aje. Amempa huyu rafiki yake baiskeli na kipande ili mumwamini. Huyu ameniuliza njia ya kijijini, akaniuliza treni ya kurudi ni saa ngapi. Nimemwambia alasiri. Akasema afadhali, kwa sababu wakikawia goti litakwenda."

Yule mzee akanishusha mabegani. Hakunitua vizuri, aliniachia tu. Wanaume walianza kuondoka mmoja mmoja, wakijifuta mikono kwenye mashuka yao, na kwa muda mfupi sana hapakuwa na mtu aliyekuwepo. Dalali alianza tena kuita ng'ombe. Tulibaki mama, mjomba, karani, mimi na yule mtu chini. Mama alikuwa bado ameshika pampu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mtasema basi mama angepanda treni ya alasiri aende. Alitaka! Lakini askari wa mtemi alikuwa amefika, akasema hakuna mtu wa jambo hili atakayeondoka mpaka ijulikane huyu mgeni anakufa au anapona, maana akifa ni damu, na damu ina wenyewe. Treni ilipokuja mama alikimbilia kwenye ngazi ya behewa. Askari akamvuta kitenge, mama akamng'ata mkono. Mjomba Masanja akamshika kiuno, naye akampiga mjomba kiwiko cha pua, damu ikaruka. Mjomba akampiga kofi lililomlaza kwenye kokoto. "Unataka kwenda kufungwa? Unataka watoto nilee mimi?" Gadi alitazama kidogo, akapuliza filimbi yake. Mama aliisikiliza treni ile mpaka mlio ulipoisha kabisa, amelala pale kwenye kokoto. Treni nyingine ya kwenda Mwanza ilikuwa ya siku ya tatu.

Siku mbili zile yule mtu alilala kwenye stoo ya stesheni. Karani alituambia jina lake: Kagoma. Mama alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga taya kwa kitambaa chake cha kichwani. Hakuna aliyenipiga. Ningefurahi wangenipiga. Mjomba aliniambia, "Wewe huna kosa, ulifanya ulivyofundishwa," na alisema kwa sauti ya kujitetea yeye mwenyewe. Nilikaa mlangoni mwa stoo nikasikiliza Kagoma akipumua, pumzi zinaburuzika. Kila akinyamaza nilidhani amekufa.

Siku ya tatu asubuhi alisimama. Hakuna aliyemwambia. Alishika ukuta akatoka nje, akaikagua baiskeli, akabonyeza matairi. Tairi la nyuma lilikuwa limetobolewa kwenye vurugu ile. Akakaa chini, uso umevimba kama boga, akatoa gundi na viraka kwenye kimkoba cha baba chini ya tandiko, akaziba pancha. Harufu ile. Mate ya damu yalimdondoka juu ya tyubu, akawa anayafuta kwanza ndipo apake. Alipomaliza alionyesha njia ya reli, akamwonyesha mama kidole: wewe. Askari wa mtemi aliangalia, akaona mtu anayeziba pancha hafi leo, akaturuhusu.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu mama alisema, "Na huyu anakwenda. Akaone."

Karani alifunga lebo. Gadi wa siku ile alikuwa yuleyule, akamtazama Kagoma, akauliza, "Si ndiye niliyemshusha juzi mzima?" Daraja la tatu watu walitupisha benchi zima, kwa kumwogopa. Mama alikaa upande mmoja, Kagoma upande wa pili, magoti yao yanakaribia kugusana, na toka stesheni yetu mpaka Mwanza hawakutazamana.

Tulivuka maji. Ng'ambo ile ndiko nilikopata adhabu yangu, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Mama hakujua kuendesha baiskeli, na Geita ilikuwa mbali. Kagoma akaishikilia, akaipigapiga karia ili mama akae. Kisha akanitazama, akalionyesha lile bomba la katikati. Mahali pangu pa siku zote. Nikarudi nyuma. Mama akasema, "Panda."

Nikapanda. Mikono yake ikanizunguka huku na huku, imejaa michubuko ya fimbo, mmoja una kidole kilichokaa upande. Akakanyaga. Watu watatu, baiskeli moja, na mwendeshaji ana jicho moja na mbavu zilizovunjika. Kwenye vilima tulishuka, akaisukuma. Kwenye tambarare alikanyaga, na kila akikanyaga alitoa mlio mdogo puani. Mate yenye damu yalipenya kwenye kitambaa yakanidondokea utosini, tone, kisha tone, kutwa nzima. Sikuyafuta. Nilijua kabisa kwamba sina haki ya kuyafuta. Nilimsikia mama nyuma akianza neno, "Kaka Kagoma..." na kulimeza. Alilianza mara tatu njia nzima.

Harufu ya mguu wa baba ilitupokea mlangoni mwa hospitali ndogo ya mgodi. Alilala kwenye kitanda cha kamba, amekonda, macho makubwa. Daktari alifunua shuka, akabonyeza juu ya goti, akazungumza, na mtu wa kutafsiri akatuambia kwa upole: mngekuja juzi tungekata chini ya goti. Mtu mwenye goti hufungwa mguu wa mti, anatembea, hata baiskeli anakanyaga. Sasa tunakata juu. Kesho asubuhi.

Baba hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamtazama rafiki yake. "Kagoma," alisema. "Nani amekufanya hivi?"

"Watu wa mnadani," mama akajibu haraka, anatazama chini.

Ningeweza kunyamaza. Mtoto wa miaka minane akinyamaza nani atamwuliza? Lakini utosi wangu ulikuwa umekaukiwa na damu ya mtu yule, nywele zimeshikana. Nikasema, "Ni mimi, baba. Nilimpigia mwano. Nilidhani mumiani."

Baba alifumba macho. Alipoyafumbua alinyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa fimbo yake ya kuchungia, aliyokwenda nayo machimboni miaka yote. Baba hakuwahi kunigusa hata kwa ukindu. Akampa Kagoma ile fimbo. "Mchape. Sisi kwetu aliyepiga mwano wa uongo anachapwa na aliyepigiwa. Ningeweza kusimama ningemshika."

Nilijua atakataa. Watu wazima katika hadithi za bibi walikataa sikuzote, wakasamehe, wakacheka. Kagoma aliipokea. Aliipima mkononi. Akanishika begani, palepale aliponishika stesheni, akanigeuza, akanichapa mgongoni mara moja kwa nguvu zote zilizombaki. Niliona nyota. Nilianguka kwa magoti, na sikulia, kwa sababu ndani ya kifua changu kitu kilichokuwa kimekaba tangu siku ya mnada kiliachia, nikapumua. Namwambia kila mtu, nililishukuru pigo lile, na leo nalishukuru.

Hapo mama akapiga magoti kando yangu. Akafunua kanga mgongoni. "Na mimi," alisema. "Taya nililivunja mimi. Kwa pampu."

Baba akageuzia uso ukutani. Kagoma alisimama na fimbo. Alimtazama mama muda mrefu. Kisha akaiweka ile fimbo kitandani, polepole, miguuni mwa baba, akaenda kukaa pembeni, akaonyesha mdomo wake kwamba ana njaa. Mama akabaki amepiga magoti, mgongo wazi, mpaka muuguzi alipomwambia ainuke, anazuia njia.

Baba aliishi miaka mingi kwa mkongojo. Baiskeli alimpa Kagoma, naye kila mwisho wa mwezi akaja nayo kwa treni kutuletea habari na samaki wakavu, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, nasi tulimzoea. Mimi alinitania, aliniita Mwano, tukacheka wote. Mama hakucheka. Alimpikia, alimtengea maji ya kuoga, alimwamkia kwa heshima zote, na hakuwahi kukaa naye jamvi moja.

Mwaka aliofariki mama, mayu kama tunavyomwita kwetu, nilikuwa namkanda mgongo, mgongo mdogo, laini, hauna alama hata moja. Nikamwambia, labda ili nimfurahishe, kwamba mambo yale yalikwisha zamani, mayu, hata Kagoma mwenyewe aliyasahau.

"Kwako yalikwisha," alisema. "Wewe ulichapwa."